Kata ya Kuonjea Maji ya Boila

Haji na Asha, wenzangu wa moto,

Siku mliponiaga, mkanipa ile saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina langu kwa sukari, mliniomba niwaandikieni ninayoyajua kuhusu boila kabla sijayasahau. Nimechelewa. Nilidhani mtu akistaafu hupumzika, kumbe mwili ulikuwa ukingoja nikae tu ndipo uanze kunieleza maumivu yake yote, moja baada ya jingine, bila haraka. Hata hivyo namshukuru Mwenyezi Mungu. Goti moja bado zima, na macho yanaona mstari ninaouandika.

Ramadhani imebaki siku nne, na nataka karatasi hii iwafikie kabla mwezi haujaandama. Sababu ni hii. Pale bandani kwetu, kwenye boila la hoteli, kuna neno. Mtu akizembea, akaacha mlango wa moto wazi au akasahau maji, mwenzake humwambia, "Usitufanyie Kivuai." Nyinyi mnalisema kwa mzaha, maana Mzee Vuai hamkumjua. Mmeambiwa kwamba ndiye aliyepasua boila la kwanza la hoteli. Mimi nilimjua, na nilikuwapo. Neno hilo si kweli, na nimeliacha liishi karibu miaka thelathini. Nitalieleza, lakini nitaanza mwanzo, kwa sababu boila nalo halitaki kuanziwa katikati.

Nilizaliwa Malindi, mjini Unguja, katika nyumba ambayo dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Asubuhi nilisoma skuli, jioni nilikwenda chuoni kwa mwalimu wangu wa Kurani na fiqhi, nikapata elimu kiasi cha kuweza kusalisha watu asipokuwapo anayenizidi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa tanuri la mikate la kuni. Huko ndiko nilikojifunza kusikiliza kuni. Ukigonga magogo mawili, makavu yanalia kama mlango uliobishwa, mabichi yanatoa sauti ya mtu aliyepigwa mgongoni. Sijapata kifaa kinachonizidi kwa hilo, ingawa meneja mmoja aliwahi kutununulia kimoja.

Hoteli zilipoanza kuota Kiwengwa, nilisikia kuna moja inatafuta mtu anayejua moto. Nikapanda gari la mchanga nikaenda. Nilikuta nyuma ya jiko, chini ya paa la mabati, sanduku la chuma kubwa kama duka la mtaani, lina mlango mbele na dohani ya kutolea moshi juu. Lilikuwa limenunuliwa likiwa limeshatumika, limeletwa kwa meli. Ubavuni lilikuwa na kibati chenye picha ya nyumba iliyofunikwa theluji. Lilitengenezwa kukaa nje ya nyumba katika nchi za baridi, lichome kuni, lipashe maji, na maji yale yapite ndani ya kuta ili watu wasigande. Kwetu, ambako nyumba zinapashwa joto bure mwaka mzima, tulilitumia kwa maji ya kuogea wageni na ya dobi. Nilimwonea huruma aliyelichora lile.

Mbele yake alikaa mtu mwembamba, wa Makunduchi, mdomo mwekundu kwa tambuu aliyokuwa akitafuna.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa tanuri la mikate?"

"Naam."

"Mikate ulikuwa unaiunguza?"

"Mara moja moja."

"Haya, kaa. Ungesema hujaunguza hata mmoja ningekurudisha kwa gari hilohilo ulilojia."

Huyo ndiye Mzee Vuai. Hakuwa na cheti cha kitu chochote. Alikuwa amechoma chokaa tangu ujana wake, na moto alikuwa akiuzungumzia kama mtu anavyomzungumzia shemeji yake: kwa heshima, na bila kumwamini sana. Wiki ya kwanza hakunipa kazi ila ya kutazama. Wiki ya pili alinipa jivu. Jivu litoeni kila asubuhi kabla ya kuongeza kuni, lakini msilitoe lote. Tandiko la vidole viwili likibaki chini, makaa hulala vizuri na kuamka vizuri. Wale wakulima wa ndani wanaokuja kulichukua kwa migomba yao wapeni, msiwazungushe.

Kuni bora ni mvinje, mkavu, uliokaa chini ya paa masika mazima. Mchungwa ni mzuri pia. Mkarafuu uliokufa wenyewe tulikuwa tukiletewa mara chache kutoka upande wa Kizimbani, na siku hizo hoteli nzima ilinukia, wageni wakadhani ni huduma. Mnazi unachafua na unarusha cheche. Tumieni vifuu vyake kuwashia tu. Mwembe mbichi msiupokee hata dereva akilia. Unatoa moshi mzito, na moshi huo unaganda ndani ya dohani kama lami, halafu siku moja lami inashika moto na mnasikia dohani nzima inaunguruma. Dohani ifagieni kila baada ya wiki mbili, kwa mnyororo uliofungwa gunia. Kamba ya kuziba mlango ikishaliwa, badilisheni siku hiyohiyo. Nimewaambia haya kwa mdomo, na najua Haji huwa anasema kesho.

Sasa maji. Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Mnajua tuna maji ya aina mbili: ya mvua, yanayoingia tangini kutoka mapaani, na ya kisima. Ya mvua ni matamu na hayatoshi. Ya kisima yanatosha, lakini kisima kiko karibu na pwani. Wakati wa kaskazi, jua likikaza na pampu ikivuta mchana kutwa, bahari huanza kuingia chini kwa chini. Maji hubaki meupe, mazuri kwa macho. Ukiyaingiza ndani ya boila, yanaacha ukoko kwenye bamba la nyuma ya moto, kama ukoko wa wali unavyokaa chini ya chungu. Bamba likivaa ukoko, maji hayaligusi tena. Linakaa na moto peke yake, linavimba, na mwisho linapasuka.

Mzee Vuai alikuwa na dawa moja. Alichonga kata ya kifuu, akaitia mpini wa mpera, akaitundika kwenye msumari kando ya mlango. Kila asubuhi, kabla ya kufungua bilula ya kisima, mtu achote, aonje. Yakiwa na chumvi, kisima kinafungwa, tunaagiza gari la maji kutoka ndani ya kisiwa. Alichagua kifuu kwa sababu bati lina ladha yake. Na alinipa mimi kazi ya kuonja kwa sababu ulimi wake, alisema, tambuu ilishauzika zamani.

"Wewe ulimi wako msafi, Shehe," aliniambia. Shehe ndilo jina walilonipa wote pale, tangu siku waliyonisikia nikisoma Kurani. "Usome nao, uonje nao."

Nilionja miaka mitatu bila kukosa, na Ramadhani za miaka hiyo zilikuta tangi limejaa mvua, hatukuhitaji kisima.

Mwaka wa nne Ramadhani iliangukia katikati ya jua la kaskazi, kama inavyoanguka mwaka huu. Hoteli ilijaa. Siku ya kwanza, baada ya alfajiri, Mzee Vuai alinionyesha kata kwa kidole. Nikamwambia nimefunga.

"Sote tumefunga. Onja kwa ncha ya ulimi, tema, sukutua."

Masala hiyo nilikuwa naijua kuliko yeye. Niliisoma chuoni kabla sijabaleghe: mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja mchuzi akiwa na haja, akitema asimeze kitu, saumu yake haibatiliki. Mwalimu wangu alitusomesha hata kwa nini. Lakini nilikuwa kijana, na pale jikoni watu walikuwa wakinitazama. Mmoja wa wapishi alipita akasema, "Leo tutamwona Shehe akinywa maji mchana." Wakacheka. Mimi nikaona nitakuwa mwenye tahadhari kuliko sharia yenyewe. Nilikwenda kisimani, nikachota, nikamwaga chini, nikarudi.

"Vipi?"

"Nshaonja. Matamu."

Hivyo ndivyo nilivyofunga siku ile. Maji hayakugusa ulimi wangu, uongo uliugusa. Siku ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na ya tatu sikuhitaji hata kwenda kisimani.

Nadhani ilikuwa siku ya tisa alipokuja Bi Mize, mkubwa wa dobi, mama mnene aliyekuwa hamwogopi meneja wala jini.

"Vuai, maji yako yana nini? Sabuni haitoi povu. Mashuka yamekuwa kama makuti."

"Maji mazuri. Kaonja Shehe."

"Basi Shehe anaonja kwa miwani."

Mzee Vuai alinigeukia. "Leo umeonja?"

"Nshaonja."

Akamwambia Bi Mize abadilishe sabuni. Aliliamini neno langu kuliko mashuka aliyoyaona kwa macho yake. Nawaomba mlipime hilo, maana mimi nimelipima kila mwaka na halijapungua uzito.

Siku ya kumi na mbili, baada ya alasiri, alifungua mlango kusogeza magogo. Mimi nilikuwa kwenye rundo la kuni. Nilisikia mlio kama wa kitambaa kigumu kinachochanwa. Bamba la nyuma lilikuwa limepasuka, maji yakamwagikia makaa, na mvuke ukatoka mlangoni kwa mkupuo mmoja. Aliuinua mkono kukinga uso. Uso ulisalimika. Mkono uliungua kutoka kiganja mpaka kiwiko. Hakupiga kelele, alisema tu, "Funga pampu, funga pampu," mpaka nikafunga.

Bi Mize alimfunga mkono kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya mvua, na mmoja wa madereva akaenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Gari lilikawia mpaka Magharibi ikaadhiniwa. Mzee Vuai alifuturu kwa tende moja, kwa mkono wa kushoto, akiomba radhi kwa kutumia kushoto. Halafu akainuka, akaiondoa kata msumarini, akaenda kisimani. Nilimwona akichota. Alitia mdomoni funda moja, akasimama. Hata ulimi wake ule uliokufa uliisikia chumvi. Akatema, akaisuuza kata, akairudisha mahali pake. Hakunitazama, na gari lilipofika akapanda.

Asubuhi meneja alikuja na fundi kutoka mjini. Fundi alikuwa Mkristo, hakuwa amefunga. Alikwangua ukoko ndani ya boila, mweupe, mnene kama kidole, kisha akachota kisimani, akaonja, akatema mbali.

"Hii ni bahari," akasema.

Meneja akauliza, "Nani anaonja maji hapa?"

Mzee Vuai alikuwa amesharudi, mkono umefungwa bendeji hadi begani. "Mkuu wa boila ni mimi."

"Sikuuliza mkuu. Nauliza nani anaonja."

"Nshakwambia, mimi."

Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya dawa ya mkono. Ulimi uliokuwa mwepesi siku kumi na mbili ukawa mzito siku ile. Nilikuwa na watoto wadogo, kazi za moto zilikuwa chache. Nimejieleza hivyo mara nyingi, na kila sababu ni ya kweli, na hakuna hata moja inayofaa. Aliambiwa aende zake kabla ya adhuhuri.

Alichukua kitambaa chake na kijaluba cha tambuu. Nilimshikia kata, nikidhani ataitaka.

"Iache. Likija boila jipya, onja."

"Mzee, mimi..."

"Onja tu, Shehe."

Boila jipya lilikuja, na mkuu wake nikawa mimi. Nimeonja maji ya kisima kile kila asubuhi tangu hapo, Ramadhani na isiyo Ramadhani, kwa ncha ya ulimi, nikatema na kusukutua, mbele ya kila mtu. Waliopita wakacheka nimewaacha wacheke. Lakini neno la Kivuai lilizaliwa mwezi uleule, jikoni, na sikulizuia. Wapya walipouliza Vuai ni nani, walioelezea walieleza uongo, nami nikiwa nimekaa hapohapo nachochea. Kibaya zaidi, siku moja nililisema mwenyewe. Mfanyakazi mpya aliacha mlango wazi, na kabla sijafikiri nikasikia sauti yangu: "Usinifanyie Kivuai." Nilikwenda nyuma ya kuni nikakaa.

Kila Idi nilimpelekea Makunduchi tende na kanzu, kwa mkono wa madereva. Yeye akanirudishia muhogo. Sikwenda mwenyewe hata mara moja. Alipofariki nilikwenda, nikabeba jeneza, nikaingia kaburini kumpokea. Tukiwa tunatia udongo, mtu mmoja niliyemfahamu kutoka Kiwengwa aliniinamia akanong'ona, "Ndiye yule wa boila?" Nikaitikia kwa kichwa.

Tulisomeshwa kwamba makosa baina ya mja na Mola wake mlango wake wa toba uko wazi. Makosa baina ya mja na mja mwenzake hayafutwi mpaka mwenyewe asamehe. Nimewasomesha wengine hilo, msikitini, kwa sauti nzuri.

Wiki iliyopita, kwa kuwa huu ndio mwezi ambao watu hutakana radhi kabla ya kufunga, nilikwenda Makunduchi. Mjane wake, Bi Mwanakombo, alikuwa amekaa barazani anasuka ukili. Nilimweleza yote, kuanzia siku ya kwanza nilipomwaga maji chini. Hakuuacha ukili wake.

"Nlikuwa najua lipo jambo," alisema.

"Alikwambia?"

"Vuai? Vuai hakusema kitu. Lakini kila Ramadhani alikuwa akinijia jikoni, anachota mchuzi wangu, anaonja mbele ya watoto, anatema. Anawaambia, 'Mumeona? Hii haifunguzi.' Mtu hata pilipili haisikii, anaonja mchuzi! Nkajua ana lake huyu."

Aliuvuta ukili, kisha akaendelea.

"Langu mie nshakusamehe. Tende zako nimezila, ingawa zilikuwa kavu. Lakini mie skuchekwa, Othman. Aliyechekwa ni yeye, na hayupo. Waliomcheka wako hukohuko kwenu. Nenda kawaambie hao."

"Nitawaambia, Bi Mwanakombo."

"Si utawaambia. Kawaambie kabla ya mwezi."

Akanipa muhogo wa kuchukua.

Kwa hiyo ndiyo hii, Haji na Asha. Nimewaandikia mengi ya kuni na dohani, yatawafaa, lakini hili ndilo nililokaa chini kuliandika. Someni kwa sauti pale bandani, na jikoni pia, na kwa wale wa dobi, na kwa Bi Mize kama bado yu hai, au kwa binti yake. Msiruke mahali kwa kunionea haya.

Kile kifaa cha kupimia chumvi mlichonunuliwa ni kizuri, ila betri yake huisha bila kuaga. Jua la kaskazi ni lilelile, kisima ni kilekile, na hoteli itajaa. Kata iko msumarini. Mpini nimeubadilisha, kifuu ni cha Vuai. Alfajiri ya siku ya kwanza chota, Asha, wewe ulimi wako haujazoea pilipili. Onja, tema, sukutua, kisha useme kile ulichokionja. Funga yako haitaharibika. Niulize mimi ninayejua kilichoharibu yangu.

Na mgeni akija akauliza nani alipasua boila la kwanza la hoteli, mwambieni: Othman, yule tuliyempa saa ya ukutani.